Kutoa kutu na kupaka rangi upya manifoldi ya ekzosi ya chuma cha kusubu: mwongozo kamili

Manifoldi ya ekzosi, kile kipande chenye matawi kinachokusanya moshi wa injini na kuupeleka kwenye bomba, ndiyo inayopokea moto wa kwanza kutoka kwenye silinda. Gari likipanda mlima na mzigo wake, chuma hicho hufika nyuzi joto 500 hadi 650 za Selsiasi. Kwenye injini yenye tabo (turbo, feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini) hupita hapo, na gizani utakiona kimeiva wekundu. Baadaye gari linazimwa, chuma kinapoa, unyevu wa usiku unakitulia. Asubuhi moto tena. Ndiyo maana hata manifoldi mpya, iliyotoka kiwandani ikiwa ya kijivu safi, hugeuka rangi ya udongo mwekundu ndani ya majuma machache.

Uzuri wake ni kwamba kutu hiyo mara nyingi ni ya juujuu. Chuma cha kusubu, yaani kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kina kaboni kati ya asilimia 2 na 4 na silikoni kidogo, tena humiminwa kikiwa kinene, kwa hiyo kutu hukila polepole. Manifoldi inayotisha kwa macho inaweza kuwa na miaka mingi ya kazi mbele yake. Inachohitaji ni kusafishwa hadi kwenye chuma chenyewe, kupakwa rangi inayostahili joto lake, kisha kuivishwa kwa moto hatua kwa hatua. Nasisitiza hilo la kusafisha na hilo la kuivisha kwa sababu rangi inapobanduka watu hulaumu kopo. Mara nyingi kopo halina kosa. Rangi ilishika kutu badala ya kushika chuma, au iliunguzwa kabla haijaiva.

Tenga siku mbili au tatu, ukihesabu muda wa kuloweka na kukauka.

Kuifungua bila kukata bolti

Kazi ngumu kuliko zote huenda ikawa hii ya kwanza. Stadi za manifoldi (zile bolti zisizo na kichwa, zinazobaki zimesimama kwenye silinda hedi) zimepikwa kwa miaka, na nati zake zimeungana nazo. Ukivuta kwa hasira, stadi inakatikia ndani, na kazi ya siku mbili inakuwa ya wiki.

Jioni ya kuamkia siku ya kazi, injini ikiwa imepoa kabisa, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila nati. Rudia baada ya saa chache, na tena asubuhi. Kabla ya mafuta pitisha brashi ya waya kwenye nyuzi zinazoonekana, maana uchafu ulioko pale ndio utakaoikwamisha nati ikianza kutoka. Tumia soketi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili huteleza na kuviringisha kichwa cha nati. Anza kwa kukaza kidogo sana, kama robo ya robo ya mzunguko, ndipo ulegeze. Ikisogea halafu ikagoma, irudishe, weka mafuta, jaribu tena. Mwendo wa kwenda na kurudi huisaga kutu ndani ya nyuzi. Kuvuta upande mmoja tu huirundika.

Nati isiyosikia mafuta husikia moto. Ichome nati yenyewe, si stadi, ili itanuke na kuiachia stadi. Lakini kumbuka umeshapulizia mafuta yanayowaka: yafute yote, ondoa waya wa betri, angalia bomba la petroli lilipo, na weka kizima moto mkononi mwa mtu mwingine, si upande wa pili wa gari. Kama nafasi ni finyu kiasi kwamba mwali utagusa plastiki au mpira, achana na moto, mpe fundi mwenye kifaa cha kupasha nati kwa umeme.

Manifoldi ikitoka, ishike kwa mikono miwili. Chuma cha kusubu hakipindi. Kikianguka sakafuni kinapasuka.

Tafuta ufa kabla hujamwaga jasho

Hakuna uchungu kama kusafisha manifoldi kutwa nzima, kisha kugundua ufa chini ya rangi mpya. Ning'iniza kipande kwa waya na ukigonge taratibu kwa nyundo ndogo. Kizima hutoa mlio ulio wazi, na chenye ufa hutoa sauti ya kufa, kama chungu kilichopasuka.

Kisha fanya jaribio la mafuta ya taa na chaki, njia ya zamani ambayo haijapitwa na wakati. Safisha sehemu zinazoshukiwa (mikunjo kati ya matundu ya silinda na shingo inayoshuka kwenye bomba), paka mafuta ya taa na uache dakika kumi na tano. Futa mpaka pakauke, halafu paka unga wa chaki nyeupe. Mafuta yaliyonyweka ndani ya ufa yatarudi juu na kuchora mstari mweusi juu ya weupe.

Weka pia rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso unaokaa kwenye gasketi (ile pedi nyembamba inayoziba mwanya kati ya manifoldi na injini), upitishe chini yake fila geji, kile kipimo cha visahani vyembamba. Chuma cha kusubu kinachopashwa mara kwa mara kupita kama nyuzi 480 hukua na hakirudi kikamilifu, ndiyo sababu manifoldi ndefu hupinda kama upinde. Kikomo kinachoruhusiwa kimo kwenye kitabu cha ukarabati cha injini yako. Ikizidi hapo, peleka uso wake ukasawazishwe kwa mashine kabla ya rangi. Ufa nao usiuzibe kwa gundi ya chuma. Kulehemu chuma cha kusubu kunataka kukipasha kwanza, elektrodi za nikeli, na kukipoza polepole. Mwenye ujuzi huo afanye, au tafuta manifoldi nyingine.

Mafuta kwanza, kutu baadaye

Wengi huanza na brashi ya waya. Nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu, hadi nilipotambua kwamba brashi huyasukuma mafuta ya injini ndani ya vinyweleo vya chuma, na rangi ikipata joto mafuta hayo huchemka na kuinua malengelenge. Osha kwanza kwa maji ya moto na sabuni kali ya kuondoa grisi, sugua, suuza, rudia mpaka maji yatoke bila utelezi.

Hapa nina maonyo matatu ambayo sitaki uyapite haraka. La kwanza: dawa za kusafishia breki zenye klorini zisitumike kwenye kipande kitakachopashwa moto au kulehemiwa. Mabaki yake yakiungua hutoa gesi ya fosjini, na kiasi kidogo tu chaweza kuua. La pili: gasketi za magari ya zamani huenda zina asbesto. Zilowanishe, zikwangue zikiwa mbichi, wala usizipige grenda. La tatu linahusu masizi ya ndani. Petroli yenye risasi (madini yenye sumu) iliacha kuuzwa kwa magari duniani kote mwaka 2021 tu, ilipokoma Algeria, na injini iliyoitumia kwa miaka inaweza kuwa na risasi kwenye masizi yake. Vaa barakoa ya chujio na glavu, na usipulize vumbi hilo kwa kompresa.

Kutoa kutu

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ukiifunika ikiwa hai, itaendelea kuvimba na kuiinua rangi kutoka chini. Kwa hiyo lengo ni chuma cha kijivu, hata ndani ya mashimo madogo.

Kwa mkono na grenda. Bandua magamba makubwa kwa tindo butu na nyundo nyepesi, ukigonga kwa pembe, kamwe si wima. Fuata na kikombe cha waya kwenye grenda au drili. Nyaya za kikombe huruka kama sindano, basi miwani peke yake haitoshi. Vaa kinga ya uso mzima. Simama kwa namna ambayo grenda ikirusha kitu, ikirushe mbali nawe. Kwenye mikunjo tumia brashi ndogo za drili na msasa wa namba 80. Angalia jambo moja: waya ukizungushwa muda mrefu mahali pamoja hung'arisha chuma mpaka kikawa laini kama kioo, na rangi haishiki kioo. Malizia kwa msasa wa 80 au 120 ili urudishe mikwaruzo.

Kwa asidi. Siki ya kawaida, yenye asidi kiasi cha asilimia 5, huilegeza kutu kwa usiku mmoja au mbili. Asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu hufanya kazi haraka zaidi. Angalia kila baada ya saa chache, kwa kuwa kutu ikiisha asidi inaanza kula chuma chenyewe na kuacha masizi meusi ya grafiti. Ukiitoa, iloweke kwenye maji yenye sodiamu baikaboneti (baking soda) mpaka mapovu yakome, kwani vinyweleo vya chuma hiki hunywa asidi na kuitoa taratibu baadaye, chini ya rangi. Asidi kali ya hidrokloriki siipendekezi hata kidogo: kloridi yake ikibaki kwenye chuma huita kutu mpya siku hiyohiyo.

Kwa umeme. Hii ndiyo ninayoipenda kwa manifoldi, kwa kuwa huingia mahali brashi isipofika na haiondoi chuma kizima. Chukua ndoo ya plastiki inayokimeza kipande chote, jaza maji, weka sodiamu kaboneti (soda ya kufulia) kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita nne. Tumbukiza vipande vya chuma cha kawaida kando kando ya ndoo, viunganishe pamoja, uvifunge kwenye waya chanya wa chaja ya betri ya volti 12. Manifoldi ining'inie katikati, isiguse vile vipande, na ifungwe kwenye waya hasi. Ukigeuza nyaya, utaila manifoldi badala ya kutu. Umeme huu huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, hivyo upande usiotazamana na kipande cha chuma hausafiki; vizungushe au uviweke pande zote. Chaja za kisasa zinazojihisi huenda zikakataa kuwaka bila betri. Ya zamani, isiyo na akili hizo, ndiyo inayofaa.

Acha kwa saa 12 hadi 24. Mapovu utakayoyaona yana hidrojeni, gesi inayolipuka, basi fanya nje, mbali na cheche, na zima umeme ukutani kabla ya kugusa klipu. Vipande chanya visiwe vya chuma kisichoshika kutu, maana hutoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Chumvi ya kawaida nayo haifai badala ya soda. Hutoa gesi ya klorini. Mwisho wa yote manifoldi itatoka na utando mweusi unaotoka kwa brashi chini ya maji.

Kwa kupuliza mchanga. Kwa kushika rangi, hakuna uso unaoshinda huu. Lakini usitumie mchanga wa kawaida: vumbi lake la silika huharibu mapafu bila kurudi nyuma, na Uingereza iliupiga marufuku kwenye usafishaji wa vyuma vya kusubu tangu 1949. Mwenye kompresa atumie ganeti, kioo kilichosagwa au aluminiamu oksidi. Ziba matundu yote kwa plagi za mpira. Punje moja iliyobaki ndani ya manifoldi ya tabo itatolewa na moshi siku ya kwanza na kupiga mapanga yanayozunguka kwa kasi ya makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Baada ya kupuliza, geuza kipande, kigonge kwa nyundo ya mpira, kipulize hewa, ugonge tena.

Saa moja iliyo muhimu kuliko zote

Chuma kilichosafishwa hadi kijivu kina njaa ya oksijeni. Kikiwa kimelowa, utaona rangi ya machungwa ikienea ndani ya dakika chache. Kwa hiyo andaa kila kitu kabla ya kusuuza mara ya mwisho: rangi, tepu, matambaa yasiyotoa nyuzi, sehemu ya kuning'inizia.

Suuza, futa, kausha papo hapo. Pasha kipande polepole kwa bunduki ya hewa moto au moto mdogo wa gesi hadi karibu nyuzi 120, huku ukizungusha mwali ili kisipate joto sehemu moja. Utaona unyevu ukitoka kwenye vinyweleo kama jasho, na pengine mafuta yaliyojificha yakitoa moshi. Mafuta yakijitokeza, acha kipoe, osha tena, pasha tena. Usikitie maji kikiwa cha moto, kitapasuka.

Kikipoa, pangusa kwa kitambaa cheupe kilicholowa asetoni. Badilisha kitambaa mpaka kitoke cheupe kama kilivyoingia. Kuanzia hapo usikishike kwa mkono mtupu, kwani alama ya kidole ni mafuta.

Rangi ipi?

Rangi ya kawaida ya chuma huungua kabla manifoldi haijapata moto sawasawa. Rangi ya injini, ile inayopakwa kwenye bloku, huishia takriban nyuzi 150 hadi 260. Haifai hapa, hata kama kopo lina picha ya injini. Tafuta rangi ya silikoni ya joto kali iliyoandikwa nyuzi 650 au zaidi, na soma maelezo kama imekusudiwa ekzosi.

Praima, yaani rangi ya chini, iwe ya ukoo uleule wa rangi na ya joto lilelile, au usiweke kabisa kama maelezo yanasema rangi ipakwe juu ya chuma kitupu. Praima ya zinki haifai: zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420. Dawa za kugeuza kutu kuwa nyeusi nazo ni nzuri kwa chasi, si kwa manifoldi. Niliwahi kuiweka chini ya rangi ya joto kali nikidhani naongeza ulinzi. Utando wake uliungua safari za mwanzo na rangi ikatoka kwa magamba mazima. Vilevile mashimo ya kutu usiyajaze kwa pati ya bodi. Yaache.

Kuhusu mwonekano, mimi huchagua kijivu cha chuma cha kusubu. Chembe za aluminiamu zilizomo huvumilia joto, na sehemu ikichubuka haionekani kirahisi. Nyeusi ni ya pili. Nyekundu na buluu hufifia upesi.

Kupaka

Ziba kwa tepu uso wa gasketi, matundu ya bolti na tundu la sensa ya oksijeni. Rangi isiingie ndani kabisa: haitakaa, na mvuke wa silikoni huharibu sensa hiyo.

Fanya kazi hewani, bila upepo wala jua kali, ukiwa na barakoa ya kuchuja mvuke wa kemikali. Kipande kiwe vuguvugu kidogo. Tikisa kopo dakika mbili nzima baada ya kusikia gololi ikigonga, maana chembe nzito hutuama chini. Anza na mikunjo na sehemu za nyuma, kisha nyuso pana. Shika kopo sentimita 25 hadi 30 mbali, mkono ukitembea bila kusimama. Koti la kwanza liwe la vumbi tu, chuma kikionekana chini yake. Subiri dakika kumi, weka la pili, kisha la tatu linalofunika. Ishia hapo.

Hamu ya kuongeza koti la nne ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Manifoldi yenye urefu wa nusu mita ikipanda nyuzi 500 hurefuka karibu milimita 3, na rangi lazima irefuke nayo. Utando mwembamba, mikromita 40 au 50 ukikauka, yaani kama nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia, hufuata chuma. Mnene hupasuka. Ukihitaji kurudia baadaye, heshimu muda ulioandikwa kwenye kopo, maana rangi nyingi hizi hukunjamana zikipakwa nje ya muda wake.

Toa tepu rangi ikiwa bado laini, uache kipande usiku kucha.

Kuivisha

Rangi iliyokauka bado ni mbichi. Ukucha waweza kuikwaruza, na petroli huiyeyusha. Inahitaji moto ili sehemu zake zinazoungua zitoke taratibu na silikoni ibaki imeshikana na chuma. Ukiipa moto mkali ghafla, gesi hizo hutoka kwa pupa na kuacha malengelenge.

Maelezo ya kopo ndiyo sheria. Yakikosekana, mpangilio huu unafaa: dakika 30 kwenye nyuzi 120, iache ipoe dakika 30, dakika 30 kwenye nyuzi 200, ipoe, dakika 30 kwenye nyuzi 315, ipoe yenyewe. Oveni iwe ya karakana. Oveni ya chakula isitumike kwa kazi hii, hata mara moja.

Asiye na oveni ataivishia kwenye gari, nje kabisa kwa sababu ya kaboni monoksidi na moshi wa rangi. Washa injini dakika 10 bila kukanyaga mafuta, zima, ipoe. Washa dakika 20, ipoe. Kisha dakika 30. Itatoa moshi na harufu kali, ni kawaida. Usiiguse wala kuimwagia kitu mpaka mzunguko wa tatu uishe.

Kuirudisha

Gasketi mpya, daima. Safisha nyuzi za stadi, badilisha nati zilizoliwa, na kama kitabu kinaruhusu paka grisi ya nikeli au ya shaba ya kuzuia kukwama, kidogo tu. Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu mbili au tatu, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na kipimo cha kitabu. Ukikaza kupita kiasi unainyima manifoldi nafasi ya kutanuka, nayo hupasuka.

Usiizungushie kitambaa cha kuzuia joto. Kwenye chuma cha kusubu hufungia moto na unyevu pamoja, na kutu hurudi bila kuonekana.

Mara chache za kwanza sikiliza mlio wa tik-tik injini ikiwa baridi, dalili ya gasketi inayovuja. Sehemu zilizo karibu na matundu ya silinda ndizo zitakazochubuka mapema. Ukiziona, usingoje zienee: injini ikiwa baridi sugua kwa msasa wa 120, pangusa kwa asetoni, pulizia makoti mawili membamba ya rangi ileile, na uivishe upya kwa ile mizunguko mitatu.